Simu ya kuita, karatasi ya kutunza: uchambuzi wa kisa cha mtu mwenye ADHD aliyehamia maisha ya analojia

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachoelezwa hapa ni cha mtu mmoja niliyemshauri kwa muda wa miezi minane. Mambo yote yanayoweza kumtambulisha yameondolewa au kubadilishwa, naye ameyasoma maelezo haya na kuridhia yatumike kufundishia. Nitamwita mteja. Nimekichagua kwa sababu jaribio lake la kwanza lilishindwa mbele ya macho yangu, tena kwa sehemu kubwa kwa makosa yangu, na kushindwa huko kulitufundisha mengi kuliko wiki zote zilizokwenda vizuri. Wengi wenye ADHD, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia, hufikia siku wanapotamani kuitupa simu na kurudi kwenye kalamu. Tamanio hilo lina maana, na linastahili kupangwa vizuri zaidi kuliko tulivyolipanga sisi mwanzoni.

Mtu na hali yake

Mteja alikuwa katika miaka ya thelathini alipoelezwa na daktari wa magonjwa ya akili kwamba ana ADHD. Kwa mujibu wa mwongozo wa uchunguzi uitwao DSM-5, uliotolewa mwaka 2013 na chama cha madaktari wa akili cha Marekani, mtu mzima huhesabiwa kuwa na hali hii akiwa na angalau dalili 5 kati ya 9 za kukosa umakini, au 5 kati ya 9 za utukutu na pupa, iwapo baadhi yake zilianza kabla ya umri wa miaka 12 na zinaonekana katika mazingira mawili au zaidi, kama vile kazini na nyumbani. Dalili zake karibu zote zilikuwa za kundi la kwanza. Ndiyo maana hakuna aliyemshuku utotoni: alikuwa mtoto mkimya, asiyesumbua darasa, ambaye akili yake ilikuwa imekwenda mbali bila mtu kujua.

Kazi yake ni kukagua nyaraka ndefu, na siku nyingi huifanyia nyumbani. Ana mwenzi na mtoto mmoja. Kila asubuhi hunywa dawa ya kuchangamsha ubongo aliyoandikiwa na daktari, nayo humsaidia hadi alasiri. Aliponijia hakuwa na lalamiko juu ya dawa. Lalamiko lake lilikuwa simu.

Katika simu hiyo mlikuwa na programu nne za kupangia kazi, kila moja ikiwa imeanzwa kwa nguvu za moto wa mabua na kuachwa baada ya wiki mbili au tatu. Kulikuwa na kalenda mbili zisizokubaliana. Kulikuwa na arifa nyingi kiasi kwamba alikuwa amejifunza kuzifuta zote kwa mkupuo mmoja bila kuzisoma, zikiwemo zile alizojiwekea mwenyewe ili zimkumbushe mambo ya lazima. Aliniambia kwamba mara kwa mara hufungua simu ili atazame tarehe ya mwisho ya kazi fulani, akazinduka baada ya nusu saa akiwa amesoma habari za watu asiowajua, na tarehe yenyewe hajaitazama. Usiku aliendelea kuperuzi hadi saa saba, akaamka na uchovu ambao dawa ya asubuhi haikuweza kuuondoa.

Swali alilokuja nalo

Katika kikao cha kwanza aliniuliza kama simu ndiyo iliyompa ADHD. Naliweka swali hili mbele kwa sababu jibu alilokuwa nalo moyoni ndilo lililoongoza uamuzi wake wa kwanza.

Nilimweleza kwamba hali hii ilikuwapo kabla ya skrini yoyote. Daktari Alexander Crichton aliandika mwaka 1798 kuhusu watu wasioweza kushikilia umakini wao kwenye jambo moja, na mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara mjini London kuhusu watoto wenye dalili tunazozitambua hadi leo. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya watu katika dalili hizi inatokana na urithi. Ni kweli kwamba mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia vijana 2,587 wa Los Angeles, wenye umri wa miaka 15 na 16, kwa miezi 24, ukakuta kwamba wale waliotumia sana vyombo vya kidijitali walikuwa na uwezekano mkubwa kiasi wa kuonyesha dalili za ADHD baadaye. Hata hivyo uhusiano huo haukuwa mkubwa sana, na utafiti wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kipi kimesababisha kipi.

Alinisikiliza kwa adabu, lakini sikumfikia. Baadaye alikiri kwamba alitoka kwenye kikao hicho akiamini kwamba akiiondoa simu, hali nayo itaondoka, au angalau itapungua kiasi cha kutohitaji mpango mwingine wowote. Nilipaswa kumwomba anirudishie kwa maneno yake kile alichokielewa. Sikufanya hivyo.

Kwa nini simu ilimlemea

Mambo mawili kuhusu ADHD yanahitaji kueleweka kabla ya kuyafuata yaliyotokea. La kwanza ni kwamba akili ya mtu mwenye hali hii huvutwa zaidi na malipo ya papo hapo kuliko malipo ya baadaye, jambo ambalo watafiti wengi wanalihusisha na namna dopamini, kemikali inayohusika na hamu ya malipo, inavyofanya kazi katika ubongo. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha zamani kwamba mnyama anayepata chakula kwa nyakati zisizotabirika huendelea kubonyeza kitufe kwa ukaidi kuliko yule anayejua lini atapata. Ukurasa unaosogezwa kwa kidole bila mwisho hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, kwa kuwa machapisho tisa hayana maana na la kumi linafurahisha. Mtu yeyote hushikwa na mtego huu, lakini mwenye ADHD huushinda kwa shida zaidi, kwa sababu kinga inayohitajika, yaani uwezo wa kujizuia, ndiyo ileile iliyo dhaifu kwake.

La pili ni udogo wa kumbukumbu ya muda ya kutendea kazi, ile inayoshikilia nia yako wakati mkono wako unaitekeleza. Mteja alipofungua simu kutazama tarehe, nia hiyo ilibidi ivuke skrini ya kwanza, alama nyekundu za ujumbe, na kichwa cha habari. Mtu mwingine huvuka akiwa bado ameibeba. Yeye aliidondosha njiani, na hakujua kwamba ameidondosha. Hapo ndipo niliposadiki kwamba kumwambia ajitahidi zaidi kungekuwa kumwonea. Simu ilikuwa imegeuka mlango mmoja wa kupitia kila mahali: saa, kalenda, benki, marafiki, kazi na burudani. Hata kutaka kujua ni saa ngapi kulimlazimu apite katikati ya vishawishi vyake vyote.

Jaribio la kwanza: kuhama kwa siku moja

Mteja alipendekeza kuhama kabisa, nami nikakubali. Siku moja ya mapumziko aliizima simujanja na kuiweka ndani ya droo. Alinunua simu ndogo ya vitufe ya kupiga na kupokea, shajara yenye tarehe zilizochapwa, saa ya kengele ya mezani, kalenda ya ukutani, na madaftari matatu: moja la kazi, moja la nyumbani na moja la mawazo. Aliyapanga kwa rangi. Alikuja kwenye kikao kilichofuata akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, na furaha hiyo ilinipofusha.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa nzuri kweli, na sitaki kuzidharau. Alilala kabla ya saa tano usiku karibu kila siku. Alikimaliza kitabu, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, jambo alilosema hakulifanya kwa miaka mingi. Alikabidhi kazi moja kubwa siku moja kabla ya muda. Alisema nyumba imekuwa kimya, na kwamba ndani ya ukimya huo aliweza kusikia wazo lake likifika mwisho.

Wiki ya tatu mambo yalianza kwenda kombo. Shajara ilikuwa imeandikwa kikamilifu, lakini ilikuwa imefungwa, ndani ya mkoba, na mkoba nyuma ya mlango. Miadi ya Alhamisi aliisoma Ijumaa. Miadi hiyo ilikuwa ya kumwona daktari ili aandikiwe dawa upya, na kwa kuwa dawa za aina hii hudhibitiwa na hazitolewi bila cheti kipya, alikaa siku nne bila dawa. Katika siku hizo nne aliacha kuandika kwenye daftari lolote. Namba ya simu ya mtu anayempa kazi ilikuwa nyuma ya bahasha, bahasha ikapotea. Orodha ya mambo ya nyumbani ikaingia kwenye daftari la kazi, orodha ya kazi kwenye daftari la mawazo, na kila alipotafuta kitu ilimbidi kwanza akumbuke amekiandika wapi. Kumtaka mtu mwenye kumbukumbu dhaifu akumbuke mahali alipoweka kumbukumbu zake ni kosa la mpangaji, na mpangaji mwenzake nilikuwa mimi.

Kilichomaliza jaribio kilikuwa kitu kidogo. Akaunti ya kazini ilidai namba ya uthibitisho inayotolewa na programu iliyomo ndani ya simujanja. Jioni moja aliifungua droo, akaiwasha simu ili asome tarakimu sita, akaipata namba, kisha akabaki na simu mkononi hadi saa saba usiku. Kesho yake alirudisha programu zote, pamoja na zile alizokwisha kuzifuta mwaka uliotangulia.

Alipokuja kwangu alisema maneno matatu: "Hata karatasi imenishinda." Nayanukuu kwa sababu ndani yake kuna miaka mingi ya aibu. Watu wenye ADHD huhesabu mifumo waliyoiacha kama ushahidi dhidi ya nafsi zao, na kila mfumo mpya unaoshindwa huongeza shahidi mwingine.

Mapumziko, na swali jipya

Kwa wiki mbili hatukubadilisha chochote isipokuwa kurudisha dawa na usingizi. Huo ulikuwa uamuzi wa makusudi: mtu hawezi kupanga nyumba yake huku inawaka.

Kisha tulichukua karatasi moja na kuorodhesha kila jambo lililoponyoka katika wiki ya tatu na ya nne. Kando ya kila jambo tuliandika lilihitaji nini ili lisiponyoke. Tulitarajia majibu mengi tofauti, lakini yalijipanga kwenye vitenzi vitatu. Mambo mengine yalihitaji kutunzwa tu, kama namba ya simu. Mengine yalihitaji kuonekana, kama kazi tatu za leo. Na mengine yalihitaji kuita, kwa sababu yana saa yake, na saa hiyo ikipita hayana faida tena.

Karatasi inatunza vizuri sana. Inaonekana, mradi iwe wazi na mbele ya macho. Lakini karatasi haiiti. Haiwezi kumtoa mtu kwenye kazi iliyomzamisha na kumwambia kwamba zimebaki dakika ishirini. Na kwa mtu mwenye ADHD, kukumbuka kwa wakati jambo alilolikusudia ndiko kunakovunjika kwanza, hata pale anapolijua jambo lenyewe vizuri. Mwanasaikolojia Russell Barkley amekuwa akisisitiza kwa miaka mingi kwamba hali hii huathiri mno uhusiano wa mtu na wakati: kwake kuna sasa na kuna isiyo sasa, na mambo ya isiyo sasa hayana uzito hadi yanapogonga mlango. Tulikuwa tumemnyang'anya mteja chombo pekee kilichokuwa kikigonga mlango, kwa sababu chombo hicho kilikuwa pia kikimpotosha.

Tangu hapo swali letu lilibadilika. Tuliacha kuulizana kama aishi kidijitali au kianalojia, tukaanza kuuliza, kwa kila jambo, ni chombo gani kinachoweza kuita bila kuvuta.

Maamuzi ya awamu ya pili na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu kengele. Simu ndogo ya vitufe ilibaki mfukoni mwake mchana kutwa, kwa kuwa inalia na haina kitu kingine cha kumshikilia. Jambo lolote lenye saa liliandikwa daftarini na kuwekewa kengele mbili, moja ya kujiandaa na nyingine ya kuondoka. Tulijua kwamba angesahau kuweka kengele, hivyo tuliifunga hatua hiyo kwenye tendo la mkono: kifuniko cha kalamu hakirudishwi mpaka kengele iwekwe. Kanuni hii ndogo ndiyo iliyodumu kuliko zote. Nadhani ilidumu kwa sababu haikutegemea azma. Kalamu isiyo na kifuniko mkononi ilikuwa yenyewe ni ukumbusho.

Madaftari matatu yakawa moja. Shajara yenye tarehe zilizochapwa tuliiacha, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo. Mtu mwenye ADHD akiacha kuandika kwa siku sita, shajara ya namna hiyo humwonyesha kurasa sita tupu zenye tarehe, kila moja ikimshtaki. Wengi hawairudii tena. Daftari lisilo na tarehe halina shimo. Ukirudi unaandika tarehe ya leo kwenye mstari unaofuata, na hakuna ukurasa unaokudai. Daftari hilo lililazwa wazi juu ya kishikizo kando ya kompyuta, na lilikatazwa kufungwa kabla ya jioni. Ukurasa wa kulia ulibeba kazi za leo zisizozidi tatu. Kila kingine kiliandikwa upande wa nyuma, ovyo, bila kupangwa na bila rangi. Karatasi yoyote iliyookotwa ilibandikwa humo humo kwa gundi. Mteja alisikitika kuziacha rangi zake, nami nilimwelewa, lakini tulikuwa tumeona kwamba kulipamba daftari kulikuwa kumegeuka kazi iliyochukua nafasi ya kazi.

Saa za ukutani zenye mishale ziliwekwa katika kila chumba alichokitumia, hata bafuni. Saa ya tarakimu humwambia mtu kwamba ni saa tatu na dakika arobaini. Saa ya mishale humwonyesha kipande kilichobaki hadi saa nne, na kipande kinaonekana kwa jicho kama umbali. Faida ya pili ilikuwa kubwa zaidi: hakuhitaji tena kushika simu ili kujua wakati.

Simujanja haikurudi kwenye droo. Droo ilikuwa imeigeuza kitu cha haramu, na kila ilipotolewa ilitoka na njaa ya wiki nzima. Badala yake tuliipa makao: rafu karibu na mlango wa mbele, kwenye waya mfupi wa chaji, kwa masharti kwamba itumiwe kwa kusimama. Benki, ramani na programu ya namba za uthibitisho zilibaki. Mitandao ya kijamii na habari ziliondolewa. Ujumbe ulijibiwa mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na watu wa karibu waliambiwa kwamba jambo la haraka lipigiwe simu.

Kazini hatukujidanganya. Nyaraka zake ni za kidijitali na zitabaki hivyo. Alichofanya ni kuchapisha zile ndefu na kuzikagua kwa kalamu akiwa kwenye meza nyingine, kisha kuhamishia masahihisho kwenye kompyuta.

Mwishoni tuliandika kadi moja ngumu, tukaibandika ndani ya jalada la daftari. Kadi hiyo ilieleza namna ya kuanza upya baada ya kuacha: chora mstari, andika tarehe ya leo, nakili mambo ambayo bado yako hai tu, weka kengele zake, usijaze siku zilizopita. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Tuliiandika kabla hajaacha, kwa sababu tulijua ataacha, na kadi iliyoandikwa siku ya utulivu humsaidia mtu siku ya fadhaa.

Uamuzi mmoja nilikuwa na shaka nao. Mteja alitaka mwenzi wake aweke nywila itakayomzuia kusakinisha programu mpya. Niliogopa kwamba mwenzi angegeuka mlinzi wa gereza. Alisisitiza, nasi tukakubaliana wiki nane.

Matokeo

Baada ya miezi sita ya awamu ya pili, hakuwa amekosa miadi hata moja ya daktari. Alichelewa mara kadhaa, lakini alifika. Kazi zilikabidhiwa kwa wakati mara nyingi kuliko zamani, na yeye mwenyewe alihesabu kwamba kwenye karatasi anayaona makosa ambayo kwenye skrini huyapita. Alilala mapema siku nyingi za wiki.

Daftari aliliacha mara tatu, na mara ndefu kuliko zote ilikuwa siku tisa. Mara zote tatu alirudi kwa kutumia kadi. Mara ya pili hakunieleza hadi alipokwisha kurudi, nami nililipokea hilo kama dalili njema kuliko zote, kwa kuwa hakuhitaji tena ruhusa ya mtu ili aanze upya.

Nywila ya mwenzi haikufika wiki nane. Katika wiki ya tano waligombana kwa sababu mteja alihitaji programu ya kazi siku ambayo mwenzi alikuwa safarini, na ugomvi huo ulizidi mno ukubwa wa jambo lenyewe. Nywila iliondolewa.

Kulikuwa pia na hasara ambayo hatukuipanga. Marafiki zake wa zamani walikuwa wakizungumza katika kundi la mtandaoni, na habari za msiba wa mmoja wao zilimfikia siku tatu baada ya mazishi. Aliumia sana, na alinilaumu kwa haki. Tulikuwa tumehesabu muda ambao simu ilimnyang'anya, lakini hatukuhesabu watu ambao ilimletea. Rafiki mmoja alikubali kumpigia kila panapotokea jambo zito la furaha au la huzuni, nao mpango huo umeendelea.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kutenganisha kazi zilizokuwa zimekusanywa ndani ya kifaa kimoja. Saa ikawa saa, kengele ikawa kengele, orodha ikawa orodha. Kila chombo kilichofanya jambo moja kilifupisha njia kati ya nia na tendo, na njia ilipofupika nia haikudondoka. Sidhani kwamba karatasi ina uganga wowote ndani yake. Ilisaidia kwa sababu ilikaa mahali pamoja, haikubadilika usiku, na haikuwa na mtu upande wa pili aliyelipwa ili mteja asiiache.

Upya nao ulitudanganya. Ubongo wenye ADHD huchangamkia kitu kipya, hivyo mfumo wowote utaonekana umefaulu katika wiki mbili za mwanzo. Laiti ningelikumbuka hilo nilipoiona furaha yake, ningengoja wiki ya nne kabla ya kufurahi naye. Sasa huwaambia wateja wangu mapema kwamba jaribio halijaanza mpaka hamu ya upya iishe, na kwamba kinachopimwa ni namna wanavyorudi baada ya kuacha.

Kuondoa kila kitu kwa siku moja lilikuwa kosa langu kubwa. Kulilingana na tabia ya hali yenyewe, ile ya kutaka yote au kukosa yote, na mshauri anayeifuata tabia hiyo hamsaidii mtu. Tungelikagua kwanza kila kazi ya simu, tungelikuta namba ya uthibitisho mapema, na pengine jioni ile ya droo isingetokea. Kuhusu mwenzi, kizuizi kinachoshikwa na kifaa, kama waya mfupi na kanuni ya kusimama, kilivumilika. Kizuizi kinachoshikwa na mpendwa kiligeuka jeraha.

Pana mipaka katika kisa hiki. Usingizi, dawa na daftari vilitengemaa karibu wakati mmoja, wala sina namna ya kuvitenganisha na kusema kipi kilileta nini. Mteja anapenda kuandika kwa mkono, ilhali wapo wengi wenye ADHD ambao pia wana shida ya kuandika, na kwao kinasa sauti rahisi kinaweza kushika nafasi ya daftari. Tena yeye ana kazi inayomruhusu kujibu ujumbe mara mbili kwa siku. Anayetakiwa kujibu papo hapo atahitaji mpango mwingine kabisa.

Pengo lililobaki ni jioni. Dawa inapoisha nguvu alasiri na mtoto akishalala, mteja hurudi kwenye kompyuta ya kazi na kusoma habari humo, kwa maana tuliufunga mlango wa simu tukausahau ule wa pili. Tunachojaribu sasa ni kengele ya saa tatu usiku kwenye ile simu ndogo, na kompyuta kulala kwenye rafu ileile ya mlangoni, juu ya waya uleule mfupi. Yuko wiki ya tatu.